Nani atagombea uanasheria mkuu Michigan? Tetesi ipi uishike, ipi uiache ipite

Swali limetoka kwa dada mmoja anaekaa Kentwood, pembeni ya Grand Rapids, Michigan. Kaandika kirefu, mie nalifupisha. Ni Mkongomani, mwaka jana kala kiapo cha uraia, na kila akifungua grupu za WhatsApp za jumuiya anakuta majina ya watu eti watagombea uanasheria mkuu wa jimbo, ukatibu wa jimbo, unaibu gavana, na wengine wao wenyewe hata hawajasema kitu. Anauliza: hizi habari zinatoka wapi, nani wa kweli nani wa kupaka rangi, mbona watu wanasema mambo yataisha Aprili wakati uchaguzi ni Novemba, na yeye kama raia mpya ana sauti yoyote humo ndani?

Dada, hongera kwanza kwa kiapo. Naanza na hilo la Aprili maana ndo limebeba mengine yote.

Michigan wana utaratibu wao. Gavana anapatikana kwa mchujo wa Agosti, mwaka huu wa 2026 ni tarehe 4, wewe na jirani yako mnaenda kituoni mnachagua nani apeperushe bendera ya chama. Seneta hivyo hivyo, mbunge hivyo hivyo. Lakini mwanasheria mkuu na katibu wa jimbo hawapiti huko. Hao wanateuliwa na kongamano la chama, ndani ya ukumbi, na watu waliofika siku hiyo. Na sio hao wawili peke yao, kuna naibu gavana, kuna majaji wa mahakama ya juu ya jimbo (Novemba kwenye karatasi hawaandikiwi chama, lakini chama ndo kimewapeleka pale, usinicheke, ndo sheria yao), kuna bodi ya elimu ya jimbo, halafu mabaraza ya vyuo vikuu vitatu, University of Michigan, Michigan State na Wayne State, viti viwili viwili kila uchaguzi. Yaani mtu anaweza kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la watu milioni kumi bila kupita kwenye mchujo wa wananchi hata siku moja. Ukumbi ukishamkubali, kimebaki Novemba tu.

Sheria inataka uteuzi rasmi ufanyike Agosti baada ya mchujo. Sasa vyama vikaona Agosti ni kuchelewa mno, mgombea anabakiwa na wiki kama kumi za kutafuta hela na kujitambulisha kwa watu, wakabuni kongamano la masika la kuidhinisha majina mapema. Kisheria kuidhinishwa sio kuteuliwa. Kwa vitendo, aliyeidhinishwa masika ndo huyo huyo anaepigiwa makofi Agosti. Democrat mwaka huu wanakaa Aprili pale Detroit, kwa iyo wanaokwambia mambo yataisha Aprili hawajakudanganya, kwa upande wa chama chao mambo yanaisha Aprili kweli.

Mbona majina ni mengi hivi mwaka huu? Sababu ni kikomo cha mihula. Wananchi wa Michigan walipitisha mwaka 1992 kwamba gavana, naibu wake, katibu wa jimbo na mwanasheria mkuu ni mihula miwili basi. Gavana Gretchen Whitmer, mwanasheria mkuu Dana Nessel na katibu wa jimbo Jocelyn Benson waliingia pamoja Januari 2019, wanatoka pamoja. Viti vitatu vikubwa vimekuwa wazi kwa mpigo, halafu Benson mwenyewe anautaka ugavana, na meya wa zamani wa Detroit Mike Duggan kaamua kugombea ugavana bila chama. Watu wote waliokuwa wamekaa benchi miaka minane wamesimama kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana rafiki mwandishi wa habari.

Ila hapo ndo watu wengi wanapopotea. Wanazipima tetesi za kongamano kwa kipimo cha mchujo, wanauliza nani anajulikana, nani yuko juu kwenye kura za maoni ya wananchi, nani ana hela ya matangazo ya tivii. Hayo yana uzito wake lakini mdogo. Swali la kongamano ni moja, nani anaweza kuujaza ukumbi. Ni kama harusi, kadi ulizogawa sio watu waliokuja. Ukilishika hilo, nusu ya majina unayotumiwa utayafuta bila hata kumuuliza mtu.

Na kujaza ukumbi kunatofautiana kati ya vyama viwili, hapa nakaa kidogo.

Kwa Democrat, anaepiga kura kongamanoni ni mwanachama yeyote wa chama wa jimbo hilo aliyejiunga angalau siku 30 kabla. Sio mjumbe aliyechaguliwa, mwanachama. Unajiandikisha, siku ikifika unakwenda, unaonyesha kitambulisho, unapewa kadi, unapiga kura. Kura zinapewa uzito kulingana na kaunti ulikotoka na nguvu ya chama kule, ili Detroit na Ann Arbor wasiwameze wengine kwa ukaribu tu. Kwa iyo mgombea mwenye akili hahangaiki na wakongwe wa chama peke yao, anakwenda kutafuta watu ambao hawajawahi kukanyaga kongamano, anawaandikisha, anawatafutia basi.

Kwa Republican ni wajumbe. Kila mtaa wa kupigia kura unachagua wajumbe wake kwenye mchujo wa Agosti, hao wanakaa kongamano la kaunti, kaunti inatoa wajumbe wa jimbo, kama elfu mbili na ushee. Hapo mgombea haandikishi watu wapya wiki ya mwisho, inabidi awafanyie kazi waliopo, mmoja mmoja, simu kwa simu. Wabongo wakisoma hapa watakuwa wanatabasamu tayari, maana baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa na msemo mmoja, wajumbe si watu wazuri. Lansing, makao makuu ya jimbo, hawaujui huo msemo ila machungu yake wanayajua vizuri.

Sasa nikupe mifano miwili, maana bila hiyo nitaonekana nahubiri.

Mwaka 2018, Democrat, kiti cha mwanasheria mkuu. Mbio zilikuwa za Pat Miles, mtu wa huko kwenu Grand Rapids, mwendesha mashtaka mkuu wa serikali kuu upande wa magharibi wa Michigan enzi za Obama. Ukiangalia makaratasi, mambo yalikuwa yake. Mtu mweusi kwenye tiketi, yaani orodha ya wagombea wa chama, ambayo majina mengine ya juu yalikuwa ya wanawake wazungu, ana wasifu safi, na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikuwa nyuma yake. Kwa desturi ya Democrat wa Michigan UAW ikishasema, watu wanaanza kukunja viti. Upande wa pili Dana Nessel, wakili aliyekuwa mmoja wa waliopigania kesi ya ndoa za jinsia moja mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2015, hajawahi kushika ofisi ya kuchaguliwa. Alikuwa ametoa video ya kampeni mwishoni mwa 2017, kipindi kile cha kashfa za unyanyasaji wa kijinsia, video ambayo siwezi kukutafsiria hapa maana huenda unasoma na watoto, lakini jimbo zima liliizungumza.

Wachambuzi wengi walimpa Miles. Nessel akafanya kitu kimoja, akawaendea wanaharakati wa bangi. Mwaka ule kulikuwa na hoja ya kuhalalisha bangi inapelekwa kwenye kura ya Novemba, wale watu wamejipanga, wana orodha, wana hasira, na hakuna mgombea mkubwa aliyekuwa anawataka waziwazi. Nessel akawataka. Wakajiandikisha uanachama kabla ya siku 30, na tarehe 15 Aprili 2018, wikiendi ya mvua ya barafu ambayo barabara zilikuwa kioo, wakafika Cobo Center Detroit. Hao pamoja na vijana na wanawake wa Oakland na Ann Arbor waliotoka na joto la 2016. Nessel akashinda. Novemba akambwaga Tom Leonard wa Republican kwa tofauti isiyofika pointi 3, na hoja ya bangi nayo ikapita.

Sasa jiulize, Februari ile 2018 kama ungekuwa unasoma tetesi, tetesi ya kweli ilikuwa ipi? Haikuwa kwenye habari za nani kaungwa mkono na nani. Ilikuwa kwenye fomu za uanachama. Ndo maana mie nikitumiwa jina, kabla sijauliza lolote nauliza tarehe. Siku 30 kabla ya kongamano ndo siku ya uchaguzi yenyewe, watu hawajui tu. Baada ya hapo orodha imefungwa, na jina jipya likiibuka wiki mbili kabla, hata liwe kubwa vipi, watu wake wataingilia wapi? Itabidi aombe kura kwa watu waliokuja kwa ajili ya mtu mwingine. Sio kwamba haiwezekani, ila mimi hela yangu siweki.

Mfano wa pili ni Republican 2022, na huu ulifanyika mjini kwenu, ukumbi wa DeVos Place, tarehe 23 Aprili. Kiti hicho hicho. Tom Leonard yule yule karudi, aliyekuwa spika wa bunge la jimbo, amezoeleka, ana hela, aliwahi kuwa mgombea. Kulikuwa pia na mbunge wa jimbo Ryan Berman. Na kulikuwa na Matt DePerno, wakili aliyejulikana kwa kesi ya kaunti ya Antrim kuhusu uchaguzi wa 2020, ambaye Trump alikuwa amemuunga mkono tangu mwaka uliotangulia. Kwa ukatibu wa jimbo, Trump alikuwa na Kristina Karamo, mwalimu aliyepata umaarufu kwa madai ya wizi wa kura Detroit 2020, madai ambayo hayakuthibitishwa popote. Wapinzani wake walikuwa na uzoefu wa ofisi kuliko yeye.

Ungewapigia kura za maoni wapiga kura wa kawaida wa Republican Michigan nzima, sijui kama ungepata matokeo yale. Lakini ukumbi ule haukuwa wapiga kura wa kawaida. Baada ya 2020 watu waliokasirishwa na uchaguzi walihamasishwa kwenda kushika vyeo vidogo vya chama, mitaani na kwenye kaunti, na wakavishika. Kongamano za kaunti za Aprili ile zilikuwa vita, Macomb walikaribia kushikana mashati. Waliofika DeVos Place walikuwa wametokea huko. Karamo akapita duru ya kwanza. DePerno na Leonard wakaenda duru ya pili, DePerno akashinda. Novemba ikafika, Benson akamshinda Karamo kwa pointi kama 14 na Nessel akamshinda DePerno kwa zaidi ya 8. Ukumbi unaweza kujifurahisha halafu Novemba ikaja na bili.

Na hapa dada nataka nikukumbushe kitu ambacho wewe wa Kentwood unakijua kuliko mimi. Tarehe 4 Aprili 2022 ndo Patrick Lyoya, kijana wa Kikongo, alipigwa risasi na polisi Grand Rapids. Wiki zile jumuiya yenu ilikuwa barabarani, baba yake anaongea Kiswahili mbele ya kamera za dunia nzima na mkalimani pembeni, na watu wanabishana kama mwendesha mashtaka wa kaunti ya Kent abaki na faili au alikabidhi kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Siku 19 baadae, mji ule ule, ukumbi wa katikati ya mji, chama kimoja kikubwa kikachagua mtu wake wa kuwa mwanasheria mkuu. Faili lilibaki kaunti, polisi akashtakiwa Juni mwaka ule, na kesi yake ikaisha 2025 baada ya baraza la wazee wa mahakama kushindwa kukubaliana na mwendesha mashtaka kuamua asiirudie. Mimi sisemi mwanasheria mkuu mwingine angeleta matokeo mengine. Nasema kiti hicho kinachojadiliwa kwenye grupu kama mpira wa Simba na Yanga ni kiti kilichokugusa tayari, na kile cha katibu wa jimbo nacho ndo ile ofisi unayokwenda kuchukua leseni ya gari na ndo hao hao wanasimamia uchaguzi.

Sasa tetesi zenyewe. Zinatengenezwaje?

Nyingi anazitoa mhusika. Anamwambia rafiki yake "usiseme nimekwambia", yule anamwambia mwandishi, jioni unasoma kwamba fulani "anafikiria". Hapo anapima upepo bure, simu zikilia anatangaza, zisipolia anasema familia yake imemshauri asubiri. Nyingine zinatolewa na mpinzani, unapandisha jina la mtu wa tatu kutoka eneo moja na mshindani wako ili kura zao zigawanyike, au kumtisha mtu asiingie. Na kuna zile za kutafuta kazi, mtu anajua fika hawezi kushinda uanasheria mkuu lakini akitajwa tajwa miezi miwili anapata kiti cha baraza la chuo, au gavana ajae anamkumbuka. Kwa upande wa Republican soko kubwa la tetesi hizi ni kisiwa cha Mackinac, mwezi Septemba kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, wanakutana Grand Hotel kisiwani ambako gari haziruhusiwi, ni farasi na baiskeli, kwa iyo hakuna anaeweza kukukimbia. Mtu akiweka meza ya kahawa pale barazani siku mbili mfululizo na hana cheo chochote, huyo anagombea kitu.

Dalili ninazoziamini mimi ni chache. Ya kwanza ni kamati. Sheria ya Michigan inamtaka mtu akishaanza kupokea au kutumia hela za kampeni aunde kamati na kuiandikisha ndani ya siku chache, na makaratasi yale yako wazi, yeyote anaweza kuyaona kwenye tovuti ya katibu wa jimbo. Jina bila kamati ni mazungumzo. Ya pili ni barabara. Mtu anaetaka ukumbi utamkuta Jumanne usiku kwenye mkutano wa chama wa kaunti ya Muskegon, watu kumi na nane na sahani ya biskuti, na wiki inayofuata yuko Marquette kule Upper Peninsula, zaidi ya masaa sita kutoka Detroit, kwenye theluji. Hakuna kamera kule, hakuna hela. Mtu haendi Marquette mwezi wa pili kwa kupenda. Ya tatu, anaacha nini? Mtu mwenye kiti salama ambacho lazima akiachie ili agombee, akitangaza, ameshahesabu. Mtu asiyepoteza kitu anaweza kujitaja mpaka kesho.

Na ya nne ambayo watu hawaipi heshima yake, aliyewahi kushindwa. Benson mwenyewe alikuwa mgombea wa ukatibu wa jimbo 2010, akashindwa na Ruth Johnson, akarudi 2018 na kongamano likampa bila mpinzani. Wanachama wanakumbuka nani alibeba bendera mwaka mgumu. Ndio, Leonard 2022 ilimshinda, lakini kule kulikuwa na mkono wa Trump, ambao kwenye ukumbi wa Republican unafuta hesabu nyingi.

Majina ya msimu huu basi, maana najua ndo unayoyataka. Kwa Democrat, uanasheria mkuu, waliotangaza wazi na wana uzito ni watatu, wote waendesha mashtaka kwa namna moja au nyingine. Eli Savit wa kaunti ya Washtenaw, yaani Ann Arbor. Karen McDonald wa kaunti ya Oakland, huyu ndo aliyewashtaki wazazi wa kijana aliyefyatua risasi shuleni Oxford, wote wawili wakatiwa hatiani 2024. Na Mark Totten, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu wa upande wenu wa magharibi, na ambaye 2014 alikuwa mgombea wa chama kwa kiti hiki hiki akashindwa na Bill Schuette.

Pima kwa kipimo cha ukumbi. McDonald ana jina kubwa, tivii za nchi nzima zimemwonyesha, na Oakland ni kaunti kubwa ambayo Novemba inaamua mambo. Ungekuwa mchujo wa Agosti ningesema kirahisi ni yeye. Lakini Savit anatoka Ann Arbor, na Ann Arbor ina watu ambao kuhudhuria kongamano kwao ni kama ibada, wanafunzi wa sheria, maprofesa wastaafu, wanaharakati, na Detroit ni dakika 45 tu. Totten ana faida ya mtu aliyewahi kubeba bendera, ila watu wake wa magharibi ni wachache na wanatakiwa kuendesha masaa mawili na nusu. Ukinibana nichague, nasema ni Savit na McDonald, na atakaeshinda ni yule ambaye wafuasi wake walijaza fomu wakati wengine wanabishana. Usinishike shati kama ni Totten.

Ukatibu wa jimbo ndo umenifurahisha zaidi. Barb Byrum, karani wa kaunti ya Ingham, kazi yake ni uchaguzi miaka na miaka, anajulikana na kila karani wa jimbo. Aghogho Edevbie, naibu wa Benson, mtu wa ndani ya ofisi. Halafu Januari 2026 naibu gavana Garlin Gilchrist, aliyekuwa anautaka ugavana, akajitoa kwenye mbio hizo akageukia huku. Angalia alivyohama. Mbio za gavana ni mchujo, unahitaji mamilioni na wapiga kura laki kadhaa, na Benson alikuwa mbele. Huku ni ukumbi, na Gilchrist amekuwa akizunguka kaunti zote kama naibu gavana kwa miaka saba, anawajua wenyeviti kwa majina. Ni mtu yule yule, ila kabadilisha uwanja. Tetesi za yeye kuhama zilikuwepo muda na wengi walizipuuza kwa sababu waliona ni kushuka cheo. Mimi nadhani ni hesabu tu.

Gilchrist huyo huyo ndo mfano wa tetesi za unaibu gavana. Mwaka 2018 baada ya kongamano la Aprili, tiketi ya Democrat ilikuwa na Whitmer, Benson, Nessel, na Debbie Stabenow kwa useneta, wanawake wanne wazungu juu, na Detroit wakaanza kuuliza sisi tuko wapi. Whitmer akashinda mchujo, akamchukua Gilchrist, kijana mweusi wa Detroit aliyekuwa ameshindwa ukarani wa mji mwaka 2017 kwa kura chache. Kwa iyo kiti cha naibu gavana usikipigie ramli sasa hivi. Kinajazwa mwisho, na kinajazwa kwa kuangalia ni nani hayupo kwenye tiketi, wa eneo gani, wa rangi gani. Anaekwambia Februari kwamba fulani ni naibu gavana anajua kitu ambacho gavana mtarajiwa mwenyewe hajui. Kongamano la Agosti linatakiwa kumpitisha aliyechaguliwa na mgombea ugavana na kwa kawaida linampitisha, japo Republican 2014 na 2022 kulikuwa na watu waliojaribu kupindua meza ukumbini, hawakufanikiwa.

Viti vya vyuo navyo usivipite haraka, kwa sababu ndo mahali ambapo kikundi kidogo kilichojipanga kinaonekana. Agosti 2024 Lansing, Democrat, wakili Huwaida Arraf alikuja na watu wake wa harakati za Palestina kutafuta kiti cha baraza la University of Michigan, baada ya chuo kuvunja kambi ya wanafunzi. Alishindwa na watu waliokuwa barazani au waliowahi kukaa humo, ukumbi ukachafuka kwa kelele, lakini kila mtu aliona walivyokuja wengi. Mwaka huu viti viwili vya waliochaguliwa 2018, Jordan Acker na Paul Brown, vinaisha muda, na ugomvi ni ule ule. Usishangae kama pale Detroit Aprili mstari mrefu zaidi ukiwa wa watu waliokuja kwa ajili ya kiti ambacho grupu yenu haijawahi kukitaja.

Sasa wewe. Kama unaona Democrat ndo kwako, jiunge leo kwenye tovuti ya chama cha jimbo, ada wanaomba ila sio lazima, hakikisha jina ulivyoliandika linafanana na la kitambulisho chako, maana majina yetu ya Kikongo matatu manne yanawachanganya mlangoni. Ziwe zimepita siku 30 kamili kabla ya kongamano. Kama ni Republican, njia yako ni ujumbe wa mtaa, na hiyo ipo kwa Democrat pia ukiitaka. Fomu ni kiapo cha utambulisho, hakuna ada, hakuna sahihi za kukusanya, unaipeleka kwa karani wa kaunti ya Kent au wa mji wako mwanzoni mwa Mei kabla hawajafunga, jina linaingia kwenye karatasi ya mchujo wa Agosti 4, ukipita unashika miaka miwili na kongamano la kaunti ya Agosti ile ile unaingia. Muulize karani mtaa wako una nafasi ngapi na mpaka sasa wamejaza wangapi. Mitaa mingi jibu la swali la pili ni sifuri.